Mbawakawa wa Ardhini wa Jinja na Mbale: Jina Huanzia Alipookotwa

Inua gogo bichi katika bustani yoyote ya Jinja wakati wa mvua, na mara nyingi utamkuta mdudu mweusi anayeng'aa, mwenye miguu mirefu, asiyesubiri utazamwe. Fanya hivyo hivyo Mbale, zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini-mashariki, utamkuta mwingine ambaye wengi wetu tungeapa kuwa ni yule yule. Huenda ni yule yule kweli. Huenda pia ni wa spishi nyingine, au jenasi nyingine, au hata si mbawakawa wa ardhini kabisa. Miji hii miwili inakaribiana kwa mwinuko: uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na Mbale haipishani nao sana. Lakini Jinja imekaa penye maji, na Mbale imekaa mlangoni mwa Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kinafika mita 4,321. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni wadudu gani wanaweza kupatikana wapi. Ninachoshikilia katika uchambuzi huu ni kwamba, mashariki mwa Uganda, swali la "huyu ni nani" halijibiki mpaka ujue "ameokotwa wapi", na kwamba anayempelekea mtaalamu picha safi bila kutaja mahali, mwinuko na hali ya ardhi amemnyima nusu ya ushahidi.

Tuanze na familia, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Mbawakawa wa ardhini ni wa familia ya Carabidae, yenye spishi takriban 40,000 zilizokwisha kupewa majina duniani. Rangi haisaidii sana, kwa kuwa weusi ni wengi mno. Alama za kuaminika ziko upande wa tumboni. Mgeuze mdudu chali, umtazame kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi. Nyonga za miguu ya nyuma zimeshikamana na mwili wala hazichezi, tena zimerudi nyuma kiasi cha kuukata ukanda wa kwanza wa tumbo, hata ukanda huo unaonekana pembeni tu, kushoto na kulia. Penye maungio ya nyonga na paja kuna kipande cha duaradufu kilichojitokeza, kikubwa kuliko ungetarajia. Hesabu pingili za nyayo: tano kwa mguu wa mbele, tano kwa wa katikati, tano kwa wa nyuma. Vipapasio ni vyembamba, vina pingili kumi na moja, na vinaota kati ya jicho na shina la taya. Upande wa ndani wa muundi wa mguu wa mbele kuna pengo dogo lenye vinyweleo, ambamo mdudu hupitisha kipapasio chake kukisafisha.

Wanaowachanganya watu kuliko wote ni wa familia ya Tenebrionidae: weusi pia, wazito, wanaotembea taratibu, wanaokula mabaki ya mimea. Humo humo wamo wadudu wadogo wa kahawia wanaoharibu unga na nafaka ghalani. Hao nyayo zao za mbele na za katikati zina pingili tano, lakini za nyuma zina nne. Hesabu hiyo moja humaliza ubishi mwingi. Kisha yuko mdudu anayeitwa "Nairobi fly", wa jenasi ya Paederus, mwekundu na mweusi, mwenye magamba mafupi ya mgongoni yanayoacha sehemu kubwa ya tumbo wazi, ambaye akipondwa juu ya ngozi huacha malengelenge. Huyo ni wa familia ya Staphylinidae. Mbawakawa wengi wasio na hatia hupondwa kwa sababu yake kila msimu wa mvua.

Familia yenyewe pia ina wakaidi. Jenasi ya Paussus huishi pamoja na sisimizi, na vipapasio vyake vimenenepa na kupanuka hata huwezi kuamini ni jamaa wa wengine. Mbawakawa chui wanaokimbia juani kwenye mchanga wa ziwa wamewahi kuwekwa katika familia yao wenyewe, na wapo wataalamu wanaowaweka hivyo hadi leo. Kwa hiyo mimi huanza na tumbo na nyayo, halafu ndipo vipapasio.

Ukishaijua familia, mwili wenyewe huanza kukueleza makao. Mdudu mwenye kiuno chembamba na miguu ya mbele iliyopanuka yenye meno, kama wa jenasi ya Scarites, ni mchimbaji, naye hupatikana katika udongo anaoweza kuupenya. Mwenye macho makubwa yaliyotokeza na miguu mirefu myembamba huwinda mchana mahali pa wazi. Mwenye macho madogo na rangi iliyopauka huishi chini ya tabaka la majani au ndani ya udongo. Wa jenasi ya Tefflus, wakubwa, weusi, wenye matuta mgongoni, pingili ya mwisho ya vipapasio vyao vya mdomoni imepanuka kuwa pembetatu, nao huwinda konokono. Uwindaji huo ulifahamika vizuri kiasi kwamba katika miaka ya 1950 Tefflus wa Afrika Mashariki walisafirishwa hadi Hawaii kupambana na konokono mkubwa wa Kiafrika. Hawakuota mizizi kule. Naliona hilo kuwa fundisho la makao: mwindaji alipewa windo lake lile lile, akakosa nchi yake.

Jinja ni mahali pa wale wapendao maji. Kwenye tope la kando ya mafunjo, chini ya magugu yaliyotupwa na mawimbi, ndiko kwa jenasi ya Chlaenius: kijani au shaba iliyofifishwa na vinyweleo vifupi, mara nyingi wenye ukingo au madoa ya njano, na harufu kali ya dawa ukiwashika. Humo humo chini ya mawe yenye unyevu hukaa Pheropsophus na jamaa zao, wenye njano na nyeusi, wanaojulikana kwa kufyatua mvuke wa moto. Ndani ya tumbo lao kuna vyumba viwili. Kimoja huhifadhi haidrokwinoni na peroksidi ya haidrojeni. Kingine kina vimeng'enya. Vinapokutana, mchanganyiko hufikia nyuzi 100 za Selsiasi na kutoka kwa kishindo unachoweza kukisikia. Thomas Eisner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilichunguza jambo hili kwa mbawakawa wa aina hiyo waliotoka Kenya, Stenaptinus insignis. Mwaka 1990 walionyesha kwamba mvuke hutoka kwa mipigo ya haraka, takriban 500 kwa sekunde, na mwaka 1999 wakachapisha picha za mdudu huyo akilenga mbele, nyuma na hata juu ya mgongo wake mwenyewe. Utafiti uliosifika dunia nzima ulifanywa kwa mdudu wa kanda yetu. Sidhani wengi wa watoto wanaowakimbia ufukweni mwa Jinja wamewahi kuambiwa hivyo.

Mabuu ya Pheropsophus yana siri nyingine. Katika spishi zilizochunguzwa Japani na Amerika, mabuu hukulia kwenye viota vya chenene, yakila mayai yao. Kwa hiyo kuwatafuta vizuri ni kutafuta mahali chenene wanapochimba, yaani mchanga wenye unyevu ulio juu kidogo ya maji. Na hapo ndipo ugumu wa Jinja unapoanza, kwa sababu mahali hapo hapatulii. Kipimo cha maji cha Jinja, ambacho kimeandika kupanda na kushuka kwa Ziwa Victoria tangu mwisho wa karne ya 19, kilisoma mita 13.41 mwaka 1964, baada ya ziwa kupanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Mei 2020 kilisoma mita 13.42. Kila mara maji yakipanda hivyo, ufukwe wote wa jana umezama, na mdudu wa ufukweni hana budi kuruka. Ndiyo maana wengi wa kando ya ziwa wana mabawa kamili chini ya magamba yao ya mgongoni. Zaidi ya hapo, Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 liliyafunika Maporomoko ya Ripon. Bujagali ilifuata mwaka 2012, na Isimba mwaka 2019. Kielelezo chochote cha zamani chenye lebo ya Ripon kinaeleza miamba na rasharasha ambazo hazipo tena, na mtu atakayemtafuta mdudu huyo leo kwa kufuata jina la mahali tu atapotea.

Ukitoka ziwani kuelekea makazi ya watu, unaingia katika miwa. Kakira imekuwa na kiwanda cha sukari tangu 1930, na wakulima wadogo wa Busoga wamepanda miwa mpaka kando ya nyumba. Shamba linalolimwa na kuchomwa mara kwa mara hubaki na wale wanaoweza kuruka na kurudi, na wanaokula vingi. Upande wa magharibi, kwenye barabara ya Kampala, Msitu wa Mabira wenye kilomita za mraba takriban 300 una hali tofauti kabisa: kivuli, majani yaliyooza, magogo yasiyoguswa. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kupinga sehemu ya msitu huo kutolewa kwa ajili ya miwa, na waliokuwa wakipinga walitaja zaidi ndege, miti na mvua. Ningeongeza wadudu wa chini ya majani, kwa kuwa wasioweza kuruka hawana pa kwenda miti inapoangushwa, hata kama shamba la jirani liko umbali wa hatua chache.

Sasa Mbale. Chini yake, bonde la Namatala na mashamba ya mpunga yanayoendelea hadi Doho, Butaleja, lina wadudu wa aina ya Jinja, wa tope na maji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu Mbale. Mafuriko ya namna hiyo hubeba pia wadudu kutoka kingo za juu na kuwamwaga mbali na kwao, kwa hiyo mbawakawa aliyeokotwa bondeni kwenye takataka za mto lazima lebo yake iseme hivyo. Bila maneno hayo, mtu wa baadaye atadhani spishi ya mlimani huishi kwenye mpunga.

Juu ya mji iko Wanale, tuta la mwamba lenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, ambalo ni mkono wa Elgon ulionyooshwa magharibi. Mteremko wote huo ni wa kahawa ya arabika na migomba, hadi unapokutana na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyopata hadhi hiyo upande wa Uganda mwaka 1993. Kisha msitu, mianzi, vichaka vya nyanda za juu, na hatimaye tambarare za baridi zenye senesio na lobelia kubwa. Kadiri unavyopanda, ndivyo unavyokutana na mbawakawa wengi zaidi ambao wameacha kuruka. Hili linaonekana kwa macho ukijua pa kutazama: mabega yamelegea na kuwa mviringo badala ya kuwa na kona, kwa sababu hakuna misuli mikubwa ya mabawa chini yake. Ukimgeuza, kipande cha ubavuni kilicho nyuma ya mguu wa katikati ni kifupi, wakati kwa wanaoruka ni kirefu kuliko upana wake. Baadhi yao magamba mawili ya mgongoni yameungana kabisa.

Kwa nini waache kuruka? Mwaka 1859 Charles Darwin, akitumia kazi ya Thomas Vernon Wollaston juu ya kisiwa cha Madeira, aliandika kwamba kati ya spishi 550 za mbawakawa zilizojulikana huko, 200 hazikuweza kuruka. Alipendekeza kwamba wale walioruka walipeperushwa baharini na upepo, wakabaki wavivu wa kuruka. Mwaka 1943 Philip Darlington wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika juu ya mbawakawa wa ardhini wa milimani na visiwani, akaja na maelezo mengine: mabawa na misuli yake ni gharama, na gharama hiyo hulipa pale tu makao yanapokuja na kutoweka, kama ufukwe au dimbwi. Mahali padogo panapodumu, asiyeruka hula kidogo na kuzaa zaidi. Kwa Elgon mimi naona Darlington ana hoja yenye nguvu. Wasioruka hawapo kileleni penye upepo peke yake. Wako pia chini ya majani ya msitu, ambako upepo haufiki. Tena mpangilio ni ule ule kutoka Jinja hadi juu: ufukwe unaohamahama una warukaji, msitu unaodumu una watembeao.

Asiyeruka hawezi kuvuka nyika kutoka Elgon kwenda Rwenzori au Mlima Kenya. Kila mlima umekuwa kisiwa, na jenasi kama Trechus, yenye wadudu wadogo wa milimita chache, imegawanyika katika milima mirefu ya Afrika Mashariki kuwa spishi zinazopatikana mlima mmoja na si mwingine. Hapo ndipo mahali panapogeuka kuwa ushahidi wa kwanza. Lebo inayosema "Elgon, mita 3,500, chini ya senesio" hupunguza orodha ya majina yanayowezekana kutoka mamia hadi machache. Lebo inayosema "Uganda" haipunguzi chochote.

Lakini hata orodha fupi lazima ilinganishwe na kitu, na kitu hicho kiko mbali. Charles Alluaud na René Jeannel walizunguka milima ya Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912 na kupeleka makusanyo yao Paris. Msafara wa Waswidi, akiwamo Sven Lovén, ulikusanya wadudu Elgon mwaka 1920. Jeannel alirudi na msafara wa Omo wa 1932 na 1933, uliopiga kambi Elgon upande wa mashariki, yaani Kenya, penye kiwanda cha mbao. Baadaye Pierre Basilewsky wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliandika mengi mno juu ya familia hii barani Afrika. Kazi zao ni za thamani kubwa, na nazisema kwa heshima. Hata hivyo, vielelezo walivyovitumia kutoa majina vimehifadhiwa Ulaya, maelezo yake mengi ni ya Kifaransa na Kijerumani, na upande wa magharibi wa Elgon, ule wa Mbale na Budadiri, haupaswi kusomwa kwa lebo za upande wa Kenya kana kwamba mlima una uso mmoja.

Kwa spishi zinazofanana sana, nje ya mwili haitoshi. Wataalamu hutoa kiungo cha uzazi cha dume na kulinganisha umbo lake chini ya hadubini, njia ambayo Jeannel aliitumia kwa upana. Kwa hiyo jike peke yake mara nyingi huishia jina la jenasi. Tangu 2003, Paul Hebert wa Kanada alipopendekeza kutumia kipande kifupi cha jeni moja kama utambulisho wa spishi, imekuwa rahisi kumlinganisha jike na dume, au buu na mzazi wake. Lakini kipande hicho cha jeni kinahitaji maktaba ya kulinganishia, na maktaba hujazwa na vielelezo vilivyokwisha kutambuliwa na kuandikiwa mahali. Tunarudi kwenye lebo.

Mkulima ana sababu yake ya kujali. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walithibitishwa Afrika mwaka 2016 na Uganda mwaka uliofuata, na mahindi ya Busoga na Bugisu yakapigwa dawa kwa hofu. Kiwavi huyo akishiba hushuka ardhini na kuwa pupa sentimita chache chini ya udongo, mahali mbawakawa wa ardhini na mabuu yake huwinda usiku. Jenasi ya Calosoma, yenye spishi hapa kwetu, ni wala viwavi mashuhuri. Jamaa yao wa Ulaya, Calosoma sycophanta, alipelekwa Marekani kuanzia 1905 kupambana na viwavi wa misitu, na huyo akastawi. Mbawakawa hawawezi peke yao kulimaliza jeshi la viwavi. Lakini dawa inayomwagwa kwenye shina inawaua wao pamoja na adui, na kiwavi hurudi kwa haraka kuliko wao.

Kosa la kawaida shambani ni juu ya mabuu. Mkulima wa miwa anayekuta funza mweupe, mnene, aliyejikunja, akila mizizi, ana haki ya kuudhika. Huyo ni wa familia nyingine, Scarabaeidae. Buu la mbawakawa wa ardhini limenyooka, linakimbia, lina taya zilizotokeza mbele na mikia miwili nyuma. Ukilikuta, lirudishe chini ya majani. Matandazo ya migomba yanayowekwa kwenye kahawa ya Elgon ni makao yao mazuri, na mkulima anayeyachoma hupoteza zaidi ya rutuba.

Kukusanya ushahidi hakuhitaji fedha nyingi. Kikombe cha plastiki kilichofukiwa hadi ukingo wake ulingane na ardhi, kikafunikwa na kibao kilichoinuliwa kidogo kuzuia mvua, huwanasa usiku, na asubuhi unaweza kuwaachia usiowahitaji. Tukumbuke tu kwamba mtego huo hupima mwendo kuliko wingi: spishi ikimbiayo sana itaonekana nyingi. Wanaohifadhiwa kwa uchunguzi wa jeni wawekwe katika ethanoli kali, waragi haitoshi. Lebo itaje kijiji, nukta za GPS, mwinuko, tarehe, hali ya ardhi, njia ya kunasa na jina la mkusanyaji. Ndani ya hifadhi, kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia ni lazima.

Na swali la kuanzia lipo wazi, juu ya paa la Mbale. Vipande vya msitu vilivyobaki Wanale vina mbawakawa wasioruka. Je, ni wale wale wa msitu mkubwa wa Elgon ulio nyuma yao, au wametengana nao muda mrefu kiasi cha kuwa wengine? Mstari wa mitego kutoka shamba la mwisho la kahawa hadi ndani ya msitu, Wanale na Budadiri kwa wakati mmoja, mvua za Machi hadi Mei, madume yakichunguzwa kwa hadubini na majike kwa jeni, ungelijibu. Seti moja ya vielelezo ingekaa Makerere. Ya pili ningeomba ibaki Mbale kwenyewe, labda katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa hapo mwaka 1988, ndani ya kabati lisiloingia unyevu, ambapo mwanafunzi wa Bugisu anaweza kulifungua na kulinganisha aliyemwokota asubuhi hiyo.